Nani Atashika Shada

Barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Sotik inapita Keroka, na mpaka wa kaunti mbili unapita papo hapo sokoni: huku Masaba Kusini ya Kisii, kule Masaba Kaskazini ya Nyamira. Zamani wanyama wa Keroka waliuvuka mpaka huo tangu alfajiri hadi jioni bila kuuona. Sungura alilala Nyamira, akauza miwa Kisii. Omogaka Kobe, yaani Mzee Kobe, alisaga wimbi wake Kisii, ugali wake wa obokima ukapikwa Nyamira, ukaliwa na wageni wa pande zote kutoka kwenye kikapu kimoja cha ekee. Hata Nyamira ilipotengwa na Kisii kuwa wilaya, mwishoni mwa miaka ya 1980, Kobe hakubadilisha njia. Ilimchukua nusu siku kuvuka barabara, na hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Baridi ndiyo iliyowapa baadhi ya wanyama hao kazi. Keroka iko juu, mvua haina mwezi wa mapumziko, na asubuhi za Juni na Julai ukungu hukawia kwenye mashamba ya majani chai hadi jua limepanda. Mtoto wa chekechea anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, miguu imelowa umande, anahitaji sweta kabla hajahitaji daftari. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaodhani habari za uzi ni za kupitishia wakati. Keroka uzi ni karo, ni unga, ni kinga ya kifua cha mtoto.

Pembeni mwa soko, kati ya kinu cha posho na wauza parachichi, palikuwa na kibanda cha mabati cha chama cha wafumaji. Kwera dume ndiye aliyesukuma mashine ya kufuma, kwani katika ukoo wake ufumaji ni kazi ya mwanamume: dume hufuma kiota, jike huja kukikagua, na akikikataa dume hukifumua chote akaanza upya, wala hapaitishwi baraza. Buibui alishona mbavu za sweta, akaunga mikono, akamalizia ukosi. Na mlangoni, juu ya magunia, alilala Omong'ina Ng'ombe, yaani Bibi Mzee Ng'ombe. Huyu alikuwa ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu na pembe mbili ndefu, katika mtaa ambao ng'ombe wengine wote walikuwa wa gredi, waliokatwa pembe tangu undama. Kazi yake kwenye chama ilikuwa moja tu: kushika shada.

Asiyewahi kufuma hudhani kazi huanzia kwenye sindano. Huanzia kwenye uzi. Uzi wa sweta za shule ni wa akriliki, na hutoka mbali: mwingine Eldoret, ambako kiwanda cha Ken-Knit kimekuwa kikitengeneza nyuzi na mablanketi kwa miaka mingi, mwingine Nairobi, mwingine ng'ambo. Uliokunjwa tayari kwenye koni ulikuwa ghali kwa chama, kwa hiyo walinunua wa mashada. Shada ni duara kubwa la uzi lililopotolewa na kufungwa vifundo hapa na pale ili nyuzi zisiingiliane. Ukilianza hivyo hivyo huwezi kulifuma. Ni lazima ulifungue, ulitandaze juu ya kitu kitakacholishika wazi, ukate vifundo, utafute ncha iliyo juu ya zote, ndipo ukunje donge. Ukikata vifundo kabla ya kulitandaza, siku yako imekwisha. Utalala na bonge ambalo halina mwanzo.

Pembe za Omong'ina ndizo zilizokuwa kitu hicho. Kwera alitandaza shada juu yake, Buibui akakata vifundo kimoja kimoja, cha mwisho akikiacha mpaka ncha ipatikane. Kisha Kwera akaanza kukunja. Uzi ulipotoka upande wa kushoto, Omong'ina aliinamisha kichwa kushoto. Ulipofika kulia, akainamisha kulia. Hakuutazama. Aliusikiliza. Uzi unaponasa hukwaruza kidogo kabla haujakaza, na yeye aliusikia mkwaruzo huo kabla Kwera hajauhisi kwenye kucha zake. Alisimamisha kichwa na kusema, "Subiri, mwanangu, huo umepita chini ya mwenzake." Miaka ya kazi hiyo ilikuwa imechora mifereji myembamba kwenye pembe zote mbili, na ndani ya mifereji mlikuwa na mavumbi ya rangi: maruni ya shule moja, kijani ya nyingine, buluu ya shule iliyokwisha kubadilisha sare.

"Lege," ndilo neno alilolirudia kuliko yote. "Weka vidole viwili juu ya donge, kunjia juu yake, kisha vichomoe." Sababu yake ni ya kweli na kila fundi anaijua. Uzi uliokunjwa kwa kukazwa huvutika kupita urefu wake. Fundi hupima vitanzi vyake kwa uzi ule uliovutika, sweta ikatoka mashineni ikiwa sawasawa, mama akalipa akaenda zake. Ikifuliwa mara ya kwanza, uzi hujirudi ulivyokuwa, na mkono uliokuwa unafika kifundoni ukawa haukifikii tena. Mama hatarudi kumlaumu mkunjaji, hajui kama yupo. Atamlaumu Kwera.

Chama hicho kilipanda na kushuka kadiri biashara ya sweta inavyopanda na kushuka. Kuna mwaka Kwera alinunua maruni kwa mafungu mawili, fungu la pili likiwa la pipa jingine la rangi. Ndani ya kibanda yalifanana. Kwenye uwanja wa gwaride, jua la saa nne likiyapiga, vifua vilikuwa vya maruni na mikono ya zambarau iliyochoka. Shule ilirudisha zote. Walizifumua, wakauzungushia uzi kwenye migongo ya viti, wakauosha, wakauning'iniza dirishani na kipande cha jiwe la Tabaka chini yake kiuvute taratibu, maana uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi ya vitanzi vya kale. Kuanzia hapo Buibui hakuruhusu shada kuingia ndani kabla hajasoma namba ya pipa kwenye karatasi yake.

Mwaka 2020 ulikuwa mbaya zaidi, na haukuwa kosa la mtu kibandani. Sweta za muhula wa pili zilikuwa zimepangwa hadi darini. Katikati ya Machi shule zikafungwa nchini kote kwa sababu ya korona. Oktoba walirudi wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Wengine wote walisubiri hadi Januari 2021. Na watoto walipofunguliwa, walikuwa wamekua. Saizi 24 zilizofumwa kwa majina yao ziliwabana vifuani, wakahitaji 26, na uzi wa 26 ulikuwa umelala ndani ya zile 24.

Hapo ndipo Nondo alipobisha hodi. Babu zake walikula sufu ya kondoo, lakini akriliki hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na haina lishe kwa nondo. Huyu wa Keroka alitafuta njia nyingine ya kula sweta: akawa mkopeshaji. Hakuandika riba ya mwaka wala ya mwezi. Aliandika ya wiki, akataka mashine ya kufuma iwe rehani, na chama kikakopa.

Mbayuwayu aliwakuta katika hali hiyo. Yeye hulea makinda kwenye maghala ya Ulaya na kuja kwetu baridi ya huko inapoanza kung'ata. Alitua kwenye waya wa stima, akamtazama Omong'ina akiinamisha kichwa kushoto na kulia, akasema kwamba huko Uingereza ameona chombo cha kazi hiyo. Ni kinara chenye mikono minne inayofunguka na kuzunguka; shada huvalishwa juu yake. Mbele yake hukaa chombo cha pili chenye mpini na meno: ukizungusha mpini, donge hujikunja lenyewe, na uzi wake huvutwa kutoka katikati bila donge kukimbia chini ya meza.

Kigogota, ambaye ni seremala, alimwuliza maswali mengi, akachora kwa mdomo kwenye gome. Mikono aliichonga kwa mkalitusi wa Nyansiongo. Meno aliyatoa kwenye baiskeli iliyokufa. Kitako kilihitaji uzito, kwa sababu kinara chepesi hutembea mezani uzi unapovutwa, na hapo Fuko alitumwa Tabaka alete jiwe. Jiwe la Tabaka ni laini kwa kisu na zito kwa kubeba. Walilichonga, wakalisugua kwa msasa likiwa majini, wakalipaka nta kama wachongaji wa huko wanavyofanya vinyago vyao. Mabaki ya nta Kwera aliyafunga mahali uzi unapopita, kwa kuwa uzi uliogusa nta huteleza vizuri kwenye sindano za mashine.

Siku kinara kilipozunguka mara ya kwanza, Omong'ina alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwuliza Mbayuwayu, "Na huko ulikokiona, waliokuwa wakishika walikwenda wapi?"

Mbayuwayu akamweleza anayoyajua. Mwaka 1589 Mwingereza aitwaye William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi, na inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza akiwahofia maskini waliokula kwa sindano zao. Mashine ilienea hata hivyo. Mwaka 1811 wafumaji wa upande wa Nottingham wakaanza kuvunja mashine usiku kwa nyundo.

"Walizivunja zote?"

"Hapana, Omong'ina. Walichagua. Walivunja za matajiri waliokata ujira na kuuza soksi hafifu. Tajiri aliyelipa sawasawa, mashine yake waliiruka."

"Basi ugomvi wao haukuwa na mashine," akasema Omong'ina, na akaomba asogezwe karibu na kinara ili ausikie uzi.

Wakakubaliana hivyo. Shada jepesi lilikwenda kinarani; shada lililovurugika, au la uzi wa zamani, lilikwenda pembeni kwa Omong'ina. Yeye ndiye aliyesema mpini uende polepole au usimame. Mashada yaliyokuwa yakichukua asubuhi nzima yakawa yanaisha kabla ya chai ya saa nne. Katika msimu ule walimlipa Nondo nusu ya deni, wakanunua mashine ya pili ya mitumba, na Buibui akampeleka binti yake shule ya bweni akiwa na sweta mbili. Naupenda msimu ule. Hakuna aliyekuwa mkubwa ndani ya kibanda, na kila aliyekuwapo alikuwa na kitu mkononi.

Kaunti zilikuwa zimekuja kwa katiba ya 2010, viongozi wake wa kwanza wakachaguliwa Machi 2013. Kwa wanyama wa hekaya hii, upande wa Kisii ulitawaliwa na Jogoo na upande wa Nyamira na Korongo Taji wa kinamasi cha Sironga. Wote wawili walizaliwa na kilemba kichwani, chekundu kwa huyu, cha dhahabu kwa yule, na hakuna kati yao aliyewahi kuinama mbele ya mwenzake kisianguke. Kanjo wao walikuwa Kunguru, kwa kuwa kunguru huja akiwa amevaa shati jeupe tayari. Kunguru wa Kisii alikata risiti asubuhi, Kunguru wa Nyamira akakata mchana, kwa kibanda kile kile na sweta zile zile. Sina ugomvi na ushuru. Soko linataka choo, taa na mtu wa kuzoa taka. Lakini muuza ndizi wa Keroka aliyelipa mara mbili hakupata vyoo viwili. Alipata kimoja chenye kufuli, na kila Kunguru akasema ufunguo uko kwa mwenzake.

Habari za mashine zilipowafikia wakubwa hao, kila mmoja alitangaza uzinduzi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kutangulia wala kufuata, zilifanyika siku moja. Mahema mawili, vipaza sauti viwili, na wapiga obokano wawili wakipiga nyimbo mbili kwa pamoja, nyuzi nane kwa nane, hata wachezaji hawakujua wafuate mguu upi. Mabango yalikuwa yamekwisha simama tangu usiku. La Jogoo lilisema mradi huu ni wake. La Korongo lilisema vivyo hivyo, kwa herufi kubwa kidogo.

"Kitako cha mashine hii ni jiwe la Tabaka," Jogoo akapaza sauti, "na Tabaka iko Kisii!"

"Mikono yake ni mbao za Nyansiongo," Korongo akajibu, "na Nyansiongo iko Nyamira!"

Katika jambo moja tu waliafikiana. Kila mmoja kwenye hotuba yake alimtaja Omong'ina kwa shukrani nyingi, akasema enzi za kushika shada kwa pembe zimepita na ni aibu kwa kaunti ya kisasa kumtumikisha mzee hivyo. Kama ishara ya maendeleo, pembe zikatwe hapo hapo mbele ya wageni. Kwera aliruka kwenda mbele akarudishwa na kanjo. Omong'ina aliulizwa kama ana neno.

"Ninalo," akasema. "Siku mikono hii minne itakaponasa, nani atausikia?"

Walimpigia makofi wakidhani ni baraka. Msumeno ukapita. Pembe ya kulia ilichukuliwa na Jogoo ikatundikwe ofisini kwake kama kumbukumbu, ya kushoto ikachukuliwa na Korongo. Waliofika karibu waliona mifereji ile yenye mavumbi ya rangi, wakasema ni nakshi nzuri sana, wakauliza ni fundi gani aliyeichora.

Kisha likaja zoezi lenyewe la kuzindua. Tumbili alikuwa tayari na kamera. Jogoo akaweka ukucha kwenye mpini, Korongo akaweka mguu juu ya ukucha. Jogoo akazungusha kwenda kulia, Korongo kushoto, wote kwa kasi ili picha zitoke zikionyesha bidii. Shada lilikuwa limevalishwa kinarani na wapambe wao, vifundo havijakatwa. Kila mkubwa Keroka siku hiyo alitaka kukunja. Hakutafutwa hata mmoja wa kushika. Uzi ulikwaruza, na Omong'ina aliusikia kutoka alikokuwa amelazwa na kitambaa kichwani, akasema "simamisheni", lakini vipaza sauti vilikuwa viwili na yeye hakuwa na hata kimoja. Mkono mmoja wa kinara ukakatika. Bonge lililobaki lilikuwa la uzi wa kijani, wa sare ya watoto, na Buibui, ambaye amezaliwa na uzi tumboni, alikaa nalo hadi giza hakupata ncha.

Kesi ya nani mwenye mashine ilipelekwa kwa kamati ya vinyonga watano. Walikaa wiki kadhaa, posho ikitoka pande zote mbili, na kila kinyonga alikuwa na rangi ya aliyelipa mwisho. Uamuzi wao ulikuwa huu: Jogoo apewe mpini na meno yake, Korongo apewe kinara na mikono yake iliyosalia, na kitako kigawanywe. Jiwe la Tabaka ni laini. Lilikatika kwa msumeno wa mkono kabla ya saa sita. Kila upande ukaweka sehemu yake stoo, ukaajiri mlinzi. Mpini hauna cha kukunja bila kinara, na kinara hakikunji bila mpini, lakini vitabuni kila kaunti iliandika kwamba inamiliki mashine ya kukunjia uzi.

Novemba ikafika, na pamoja nayo oda za Januari. Januari ndiyo inayomlisha mfuma sweta. Miezi mingine humwazima tu. Mashada yalirundikana mlangoni. Walijaribu migongo ya viti vya plastiki, vikaanguka vikifuata uzi. Walijaribu gamba la Omogaka Kobe, shada likateleza hadi shingoni na kumkaba. Watoto waliotoka shule waliombwa wanyooshe mikono. Walishika vizuri kwa shada la kwanza, la pili mikono ikalegea, la tatu wakaenda kucheza mpira, na nani angewalaumu? Omong'ina alijaribu kuelekeza. Vigutu vyake vilikuwa bado vina kidonda, na nzi hawakumpa nafasi. Shule mbili zilizokuwa wateja wa tangu zamani zikapeleka oda zao kwa kiwanda cha mjini kinachofuma kwa mashine za stima. Nondo aliongeza riba. Alikuja kila jioni, akakaa juu ya mashine ya pili, ile ya mitumba, akiipima kwa mabawa.

Sasa, wakati huo huo, wakubwa wawili walikuwa wamehamia kwenye ardhi yenyewe. Ikiwa mashine iligawanywa, basi ijulikane pia mpaka unapita wapi hasa. Jogoo akaleta wapimaji, wakachimbia nguzo ya mti mbele ya kibanda cha wafumaji: Kisii inaishia hapa. Kesho yake Korongo akaleta wake. Wakapima wakitokea upande wao, wakachimbia nguzo yao: Nyamira inaishia hapa. Nguzo ya Jogoo ilikuwa imesogea ndani ya Nyamira, ya Korongo imesogea ndani ya Kisii, na katikati yake ukabaki ukanda uliodaiwa na wote. Upana wake ulikuwa hatua moja. Mikutano, hotuba, vinyonga, mafuta ya magari na walinzi wa usiku, vyote vilikuwa kwa ajili ya hatua moja ya udongo mwekundu ambayo Kobe alikuwa akiivuka bila kuinua kichwa.

Omong'ina ndiye aliyeziona. Alikuwa amelala mlangoni, macho yake yakiwa usawa wa nguzo hizo. Alizitazama asubuhi nzima. Mchana akamwita Kwera.

"Mwanangu, niletee shada la kijani. Lifungue. Livalishe hapo."

Lilienea barabara. Duara la shada likazikumbatia nguzo mbili, likakaza kiasi kinachotakiwa, halikuning'inia wala halikuvutika.

"Lakini, Omong'ina, nguzo haziinamishi kichwa," Kwera akasema. "Uzi utatokaje?"

"Ni kweli. Basi wewe ndiye uzunguke."

Buibui akakata vifundo, akapata ncha. Kwera akalishika donge dogo, akaruka kuzizunguka nguzo akikunja: Kisii, Nyamira, Kisii, Nyamira. Omong'ina alifumba macho akisikiliza. Uzi ulipokwaruza alisema "subiri", na Buibui akapanda kwenye nguzo akautoa chini ya mwenzake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, polepole kuliko kinara na haraka kidogo kuliko pembe. Jioni madonge yalikuwa yamejaa beseni.

Kunguru wa Kisii alikuja na kitabu chake cha risiti. Uzi unaopita upande wa Kisii ni bidhaa iliyomo Kisii, akasema, na akaanza kuandika. Kabla hajaandika tarehe, uzi ulikuwa Nyamira. Kunguru wa Nyamira akafungua kitabu chake, ukarudi Kisii. Wakajaribu kuufuata, mmoja akizunguka nyuma ya mwingine, kalamu mdomoni, hadi wakagongana. Mwishowe walikubaliana kwamba ushuru wa uzi unaozunguka hautozwi hadi mpaka ujulikane, wakaenda kuripoti.

Jogoo alipopata ripoti alikasirika, akamwandikia Korongo aondoe nguzo yake mara moja. Korongo akajibu kwamba ataiondoa siku Jogoo atakapotangulia kuondoa ya kwake. Kuondoa ni kukiri. Kila mmoja akaenda kortini, Jogoo Kisii mjini, Korongo Nyamira mjini, na Bundi wa kila korti, baada ya kusoma faili lililokuwa nene kuliko yeye, akatoa amri moja inayofanana: hali ibaki ilivyo, na yeyote atakayeng'oa au kusogeza nguzo kabla kesi haijasikizwa atafungwa. Amri zikabandikwa kwenye nguzo zenyewe kwa misumari minne.

Buibui aliing'oa misumari hiyo kwa sababu ilikuwa inanasa uzi, akazibandika amri kwa gundi juu zaidi, mahali uzi haufiki. Kisha Kigogota akaja na msasa na ndoo ya maji, wakazisugua nguzo mbili, wakazipaka nta iliyobaki ya jiwe la Tabaka. Hawakumaliza oda zote za Januari. Shule zile mbili hazikurudi, na Nondo aliichukua mashine ya mitumba, akaiuza kwa bei ya chuma. Lakini ya kwanza ilibaki, na watoto wa chekechea wa shule ya karibu walifungua muhula wakiwa wamevaa kijani kuanzia shingoni hadi kifundo cha mkono, na sweta zilipofuliwa hazikupungua.

Kesi imeahirishwa hadi Machi. Kwera ameagiza mashada ya muhula wa pili, yote ya pipa moja.